Mwenyekiti anasema hatuuzi, mkaguzi anasema tupime: thamani ya haki ndani ya SACCO

Mhasibu_Arua aliuliza:

Habari zenu wakubwa.

Mimi ni mhasibu wa SACCO ya wafanyabiashara hapa Arua. Wanachama wetu wengi ni akina mama wa sokoni na wauza nguo wanaovuka kwenda Ariwara, upande wa Kongo, na kurudi. Hesabu za mwaka unaoishia 31 Desemba ziko mezani, na mkaguzi wa nje ameniachia swali moja: mmepimaje thamani ya haki ya mali na madeni yenu ya kifedha? Nataka jibu litakalosimama mbele yake na mbele ya mkutano mkuu pia. Kwenye mkutano ule watakaa watu ambao akiba yao imetoka kwenye nyanya na mukene (dagaa). Siwezi kuwasomea tarakimu ambayo mwenyewe sijui imetoka wapi.

Tulicho nacho ni hiki. Kwanza, hati fungani ya serikali ya miaka 10 yenye thamani ya usoni ya shilingi milioni 200, kuponi (riba yake ya mwaka) 14%, inalipa mara mbili kwa mwaka na imebakiza miaka 5 kamili. Tuliinunua kwa 100, yaani shilingi 100 kwa kila 100 ya thamani ya usoni. Tulikuwa na nyingine ndogo, tukaiuza Februari wanachama walipokuja kutoa akiba za karo.

Pili, hisa za MTN Uganda tulizonunua kwenye toleo la 2021 kwa shilingi 200 kila moja, na hisa chache za benki ya KCB. Zile za MTN tumeziweka rehani benki.

Tatu, asilimia 8 ya kampuni ya hapahapa inayokamua mafuta ya ufuta. Haiko kwenye soko lolote la hisa. Tulitoa shilingi milioni 120 mwaka 2022.

Kwa upande wa madeni kuna mkopo wa dola kutoka kwa mkopeshaji wa nje, na mkataba wa fowadi tulioingia na benki ili tununue dola 100,000 kwa shilingi 3,800 tarehe 30 Juni. Halafu kuna akiba za wanachama, ambazo mtu anaweza kuzitoa siku yoyote.

Mzee wetu mwenyekiti, ambaye namheshimu kwa sababu aliibeba SACCO hii tangu ikiwa kikundi cha kukopeshana, anasema: "Hatuuzi hati fungani, hatuuzi hisa. Bei ya soko inatuhusu nini?" Mjumbe mwingine wa bodi anataka akiba za wanachama zishushwe thamani kwa kuwa wengi hawazigusi kwa miaka. Nianzie wapi?

---

Mkaguzi_Mstaafu (Jinja) alijibu:

Dada wa Arua, umeuliza kwa mpangilio mzuri, nami nitakujibu kwa kirefu maana jambo hili linanigusa. Nimekagua vyama vya akiba na taasisi ndogo za fedha kwa muda mrefu, na mara nyingi ugomvi wa bodi na mkaguzi hutokana na watu kuchanganya viwango viwili.

IFRS 9, kiwango cha kimataifa cha hesabu kilichoanza kutumika 1 Januari 2018, ndiyo inayoamua kitu kinakaa kwenye mizania kwa kipimo gani. IFRS 13, iliyotolewa Mei 2011 na kuanza kutumika 1 Januari 2013, haiamui hilo. Yenyewe inasema: ukishatakiwa kupima thamani ya haki, utapima namna hii. Mzee mwenyekiti anazungumzia ya kwanza, mkaguzi anazungumzia ya pili, na wote wawili wana sehemu ya ukweli.

Kuhusu hati fungani, nia ya bodi ina uzito kwenye IFRS 9. Kama mtindo wenu ni kuishika hadi iive mkikusanya kuponi na mtaji, na malipo yake ni mtaji na riba tupu, mnaibeba kwa gharama iliyorekebishwa kwa riba halisi (yaani bei mliyonunulia, ikisogezwa kidogo kidogo hadi kiasi cha kuiva), na kupanda au kushuka kwa bei hakuingii kwenye mizania. Lakini umesema mliuza nyingine Februari kwa ajili ya karo. Mauzo ya mara moja, au madogo, hayavunji mtindo wa kushika. Ikiwa kila mwanzo wa mwaka wa shule mnauza ili kuwalipa wanachama, huo ni mtindo wa kukusanya na kuuza, na hapo hati inakaa kwenye mizania kwa thamani ya haki. Riba yake inaingia kwenye faida kama kawaida, na tofauti ya bei inapita kwenye mapato mengineyo nje ya faida ya mwaka. Angalieni rekodi zenu za mauzo kabla ya kumjibu mkaguzi. Maneno ya bodi peke yake hayatamtosha.

Na hata hati ikibaki kwa gharama iliyorekebishwa, IFRS 7, kiwango cha maelezo ya mali na madeni ya kifedha, inataka thamani yake ya haki ionyeshwe kwenye maelezo ya hesabu. Kwa hiyo kupima kuko palepale. Kinachobadilika ni mahali pa kuandika.

Sasa, thamani ya haki yenyewe ni bei ambayo ungepokea kwa kuuza mali, au ungelipa ili kumhamishia mtu mwingine deni, katika muamala wa utaratibu kati ya washiriki wa soko, siku ya kupima. Soma kila neno. Ni bei ya kutoka nayo sokoni, siyo ile uliyoingia nayo. Ni muamala wa utaratibu, siyo wa mtu aliyebanwa ukutani. Ni siku ya kupima, yaani 31 Desemba, hata kama Januari bei imebadilika. Na ni washiriki wa soko, siyo ninyi. Mnunuzi wa Kampala hajui kwamba mzee wenu hataki kuuza, na hatalipa zaidi kwa sababu hiyo.

Vielelezo, yaani bei, riba na dhana mnazopimia, vinapangwa kwa ngazi tatu. Ngazi ya 1 ni bei iliyotangazwa, bila kuguswa, ya kitu kilekile katika soko lililo hai. Ngazi ya 2 ni vielelezo vinavyoonekana sokoni lakini si bei ya ngazi ya 1, kwa mfano riba za soko, viwango vya fedha za kigeni, au bei ya kitu kilekile katika soko lisilo hai. Ngazi ya 3 ni pale unapotegemea makadirio yasiyoonekana sokoni. Kipimo kizima kinashuka hadi ngazi ya kielelezo cha chini kabisa chenye uzito. Mtu akichukua bei tisa nzuri za soko na dhana moja nzito ya kichwani mwake, yuko ngazi ya 3.

Hisa za MTN ndizo rahisi. Chukua bei ya kufunga ya siku ya mwisho ya biashara kwenye Soko la Hisa la Uganda, zidisha kwa idadi ya hisa, umemaliza. Mambo matatu tu ya kuangalia. Gharama ya dalali haipunguzwi kwenye thamani ya haki. Hata kama hisa zenu ni nyingi kiasi kwamba kuziuza zote siku moja kungeangusha bei, hairuhusiwi kupunguza kitu kwa sababu ya wingi. Na rehani ya benki ni mzigo wenu ninyi, haimfuati mnunuzi, kwa hiyo haishushi thamani ya hisa. Rehani itajwe kwenye maelezo, kwa sababu wanachama wana haki ya kujua, lakini tarakimu isiguswe.

KCB ni tofauti kidogo. Imeorodheshwa Nairobi na pia Kampala, lakini biashara yake kubwa iko Nairobi. IFRS 13 inataka soko kuu, lile lenye wingi na uhai mkubwa zaidi wa biashara ya hisa hiyo, ilimradi mnaweza kulifikia. Kama dalali wenu anaweza kuuza Nairobi, tumia bei ya kufunga ya Nairobi na uigeuze kuwa shilingi ya Uganda kwa kiwango cha 31 Desemba. Nimeona watu wakichukua bei ya Kampala ya hisa ambayo haijauzwa hapo kwa wiki kadhaa, wakaiita ngazi ya 1. Bei iliyolala hivyo haitoki kwenye soko lililo hai.

Hati fungani na fowadi nawaachia watu wa benki. Ufuta tutaurudia ukileta tarakimu.

---

Dawati_la_Hazina (Kampala) alijibu:

Mzee wa Jinja amesema yote ya msingi. Naongeza ya dawatini.

Hati fungani hupimwa kwa kurudisha malipo yake yote ya baadaye kwenye shilingi ya leo, kwa riba ambayo soko linadai leo. Yako inalipa 7 kwa kila 100 kila miezi sita, mara kumi, na mwisho inarudisha 100. Tuseme soko linadai 16%, yaani 8% kwa nusu mwaka. Kuponi zote kumi zina thamani ya 46.97 leo, na ile 100 ya mwisho ina thamani ya 46.32. Jumla 93.29. Kwa milioni 200 ni shilingi 186,580,000. Hapo mwenyekiti ataona milioni 13.4 zimekwenda, na hakuna mtu aliyeiba. Wanunuzi wa leo wanapata 16% mahali pengine, hawatalipa 100 kwa karatasi inayotoa 14.

Lakini dada, kazi yenyewe iko kwenye swali la ile 16% imetoka wapi. Wengi huchukua matokeo ya mnada wa karibuni wa Benki Kuu kwa hati ya miaka 5, kwa kuwa yao imebakiza miaka 5. Angalia kodi kwanza. Riba ya hati za miaka 10 na kuendelea inakatwa kodi ya zuio ya 10%, na zile fupi zinakatwa 20%. Mnunuzi wa hati mpya ya miaka 5 inayotoa 16% anabaki na 12.8% mkononi. Hati yenu ya miaka 10, kwa hesabu ya haraka, inampa mnunuzi huyo 12.8% ileile ikitoa 14.2% tu. Kwa 14.2% bei yake ni kama 99.30, yaani shilingi milioni 198.6. Tofauti ya milioni 12 imeletwa na kodi peke yake! Sisemi soko linaipanga bei kwa usahihi huo kila siku, kwa sababu wanunuzi hawalingani na kila mmoja ana hesabu zake. Nasema usinakili riba ya mnada wa hati ya aina nyingine bila kufikiri.

Kielelezo bora ni bei ya hati hiyohiyo. Kama Benki Kuu iliifungua tena kwenye mnada karibu na mwisho wa mwaka, matokeo yale ni ushahidi mzito. Kama hapana, waandikie wafanyabiashara wakuu wa hati fungani wawili au watatu, yaani zile benki zinazonunua na kuuza hati hizi, uombe bei ya kununua na ya kuuza ya hati yenu kwa 31 Desemba. Thamani ya haki inakaa ndani ya pengo hilo, pale panapowakilisha vizuri zaidi, na kutumia katikati kunaruhusiwa mradi mnafanya hivyo kila mwaka. Omba kwa barua pepe, uitunze. Mkaguzi ataitaka.

Ngazi gani? Biashara yetu ya hati fungani nyingi hufanyika kwa simu kati ya benki, na hati nyingine hukaa wiki nyingi bila kuguswa. Mimi ningeiweka ngazi ya 2, isipokuwa mna ushahidi wa biashara ya mara kwa mara ya hati hiyo yenyewe. Na kwa kuwa imebakiza miaka 5 kamili, hamna riba iliyolimbikizwa siku hiyo. Siku nyingine mkipima katikati ya kipindi cha kuponi, tenganisheni riba iliyokwishaiva na bei, msije mkaihesabu mara mbili.

Fowadi. Hapa watu wengi hulinganisha bei ya mkataba na bei ya dola ya siku hiyo. Arua dola mnazijua, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa. Tuseme 31 Desemba dola iko 3,600. Mtu atasema: tumejifunga kununua kwa 3,800, hasara ni 200 mara 100,000, shilingi milioni 20. Sivyo. Mkataba wenu ni wa 30 Juni, kwa hiyo unalinganishwa na bei ya fowadi ya 30 Juni kama inavyotolewa 31 Desemba. Kama riba ya shilingi kwa nusu mwaka ni 6% na ya dola ni 2.5%, fowadi inatoka 3,600 mara 1.06 gawa kwa 1.025, ambayo ni kama 3,723. Tofauti ni shilingi 77 kwa dola, jumla milioni 7.7, na kwa kuwa italipwa miezi sita mbele, leo ni kama milioni 7.26. Hilo ni deni kwenye mizania, ngazi ya 2, na badiliko lake linaingia kwenye faida na hasara. Kiwango pia kinataka hatari ya kutolipa izingatiwe, yenu kwa kuwa ninyi ndio wadaiwa. Kwa miezi sita na kiasi hiki itakuwa ndogo, lakini iandike kwamba umeiangalia.

---

Mjumbe_wa_Bodi (Gulu) alijibu:

Mimi si mhasibu, ni mjumbe wa bodi ya SACCO huku kaskazini. Naomba niseme kwa heshima kwamba tunawatwisha watu wadogo mizigo ya benki kubwa. Kampuni ya ufuta haina soko. Hakuna bei. Mtu akikaa na kompyuta atatoa tarakimu anayoitaka. Milioni 120 ililipwa kweli, risiti ipo. Kwa nini wasiiache kwa gharama? Na kuna kile kiwango kifupi cha kampuni ndogo na za kati. Watumie hicho, waendelee kukopesha.

---

Mhasibu_Arua aliandika:

Asanteni sana. Wa hazina, nimekwisha kuandikia benki mbili kuhusu bei ya hati. Sikuwa nimeiona tofauti ya kodi namna hiyo.

Mzee wa Jinja, tarakimu za ufuta ni hizi. Tuliponunua 2022 kampuni haikuwa na deni la benki, na faida yake kabla ya riba, kodi na uchakavu ilikuwa milioni 300. Mwaka huu faida hiyo ni milioni 360. Lakini wamenunua mashine mpya kwa mkopo: wanadaiwa milioni 240, na benki wana milioni 40. Tena Oktoba mwenye hisa mmoja aliuza asilimia 2 kwa milioni 18. Alikuwa na mgonjwa, na wanasema alimpa mtu wa kwanza aliyefika na pesa. Je, hiyo ndiyo bei ya soko? Maana kwa hesabu hiyo asilimia 8 yetu ni milioni 72, na mkutano mkuu utawaka moto.

---

Mkaguzi_Mstaafu (Jinja) alijibu:

Nianze na ndugu wa Gulu, maana hoja yake ni ya mtu anayewajali wanachama.

Kiwango cha kampuni ndogo na za kati kimeandikwa kwa ajili ya taasisi zisizo na uwajibikaji kwa umma. Taasisi ambayo kazi yake kuu ni kushika pesa za watu wengi wa nje haimo humo kwa kawaida, na vyama vya akiba na mikopo vimetajwa waziwazi kama mfano. Nacho hakikimbii thamani ya haki: toleo lake la tatu, lililotoka Februari 2025 na litakaloanza kutumika 1 Januari 2027, lina sehemu nzima ya kupima thamani ya haki.

Kuhusu gharama, IFRS 9 inakubali kwamba mara chache gharama inaweza kuwa makadirio yanayofaa ya thamani ya haki kwa hisa zisizo sokoni, pale ambapo hakuna habari mpya za kutosha, au makadirio yanatawanyika mno na gharama ndiyo inayowakilisha vizuri zaidi. Lakini kinaorodhesha pia dalili za kwamba gharama imepitwa, na hapa zipo: faida imebadilika, deni limeingia, hisa zimeuzwa na mtu mwingine, na mazingira ya riba si yale. Mwanzoni mwa 2022 riba elekezi ya Benki Kuu ilikuwa 6.5%, na Oktoba ya mwaka huohuo ilikuwa imefika 10%. Risiti inathibitisha mlicholipa 2022. Haisemi mnunuzi wa leo angelipa nini.

Ndugu yangu anaogopa tarakimu za kompyuta, na mimi pia naziogopa. Dawa yake ni kuifunga hesabu kwenye bei iliyolipwa kweli, kisha kusogea kutoka hapo kwa sababu zinazoonekana. Milioni 120 kwa asilimia 8 ina maana kampuni nzima ilithaminiwa milioni 1,500 mwaka 2022. Bila deni, kwa faida ya milioni 300, hiyo ni mara 5 ya faida. Hiyo mara 5 ndiyo nanga yenu. IFRS 13 yenyewe inataka hivyo: kama bei mliyoingilia ilikuwa ya haki, na njia mnayotumia ina makadirio yasiyoonekana, irekebisheni njia hiyo ilingane na bei ya siku ile ya kwanza.

Leo, mara 5 ya milioni 360 ni milioni 1,800. Toa deni la milioni 240, ongeza fedha za benki milioni 40, wenye hisa wanabaki na milioni 1,600. Asilimia 8 ni milioni 128.

Ila je, mnunuzi wa leo bado angelipa mara 5? Riba ikiwa juu watu hulipa uwiano mdogo zaidi wa faida. Angalia kampuni za usindikaji zilizoko kwenye masoko ya Kampala na Nairobi: tangu 2022 uwiano wao wa bei kwa faida umeshuka kwa kiasi gani? Hamtachukua uwiano wao wenyewe, ni kampuni kubwa mno. Mtachukua mwendo wake. Kama umeshuka kwa moja ya kumi, yenu inashuka kutoka 5 hadi 4.5, na asilimia 8 inakuwa milioni 113.6. Ikiwa 4, ni milioni 99.2. Hiki ndicho kitu mnachopaswa kuwaonyesha wanachama: kila nusu ya uwiano inahamisha milioni 14.4. Katika ngazi ya 3 maelezo ya hesabu lazima yataje njia mliyotumia, dhana zenye uzito pamoja na tarakimu zake, mwendo wa thamani tangu mwanzo wa mwaka hadi mwisho, na jinsi dhana ikibadilika thamani inavyobadilika.

Kosa moja naliona sana na nalichukia kwa sababu linawaibia wanachama bila mtu kujua. Mtu akishapata milioni 113.6 anakata tena asilimia 20 au 30 "kwa sababu ni hisa chache na haziuziki". Ninyi mliponunua 2022 mlinunua hisa chache zisizouzika, na bei mliyolipa ilikwisha kubeba upungufu huo. Mara 5 inao ndani yake. Ukikata tena umekata mara mbili. Ungekata kama uwiano ungetoka moja kwa moja kwenye kampuni za sokoni.

Sasa mauzo ya Oktoba. Usiyatupe kwa sababu tu muuzaji alikuwa na shida, na usiyameze kwa sababu tu ni bei ya kweli. Uliza: hisa zilitangazwa kwa muda wa kutosha ili wengine nao wajitokeze? Aliongea na mnunuzi mmoja tu? Bei iko mbali na miamala mingine ya karibuni? Ukithibitisha kwamba alimpa mtu wa kwanza aliyefika, hakuna mwenye hisa mwingine aliyeulizwa, na pesa zilihitajika wiki hiyohiyo, basi huo haukuwa muamala wa utaratibu, na unaupa uzito mdogo sana. Ukikuta kwamba wenye hisa wengine waliulizwa wakakataa hata kwa bei hiyo, hapo nyanyua masikio: labda wanajua jambo kuhusu kiwanda ambalo ninyi hamlijui. Mpigie katibu wa kampuni. Andika alichosema na tarehe.

Kitu kingine. Je, 2022 mlichagua hisa hizi mabadiliko yake yapite kwenye mapato mengineyo? Chaguo hilo hufanywa siku ya kununua na halibadilishwi. Kama hakuna karatasi ya siku ile, mabadiliko yanaingia kwenye faida na hasara. Bodi isijaribu kuchagua sasa kwa kuwa imeona tarakimu.

Mkopo wa dola mnaubeba kwa gharama iliyorekebishwa, mkiugeuza kwa kiwango cha 31 Desemba. Thamani yake ya haki ni ya kwenye maelezo tu: rudisha malipo yaliyobaki kwa riba ambayo mkopeshaji kama yuleyule angewadai leo, akiangalia uwezo wenu wa leo wa kulipa. Mtashangaa kwamba mkidhoofika, thamani ya haki ya deni lenu inashuka. Ndivyo ilivyo, kwa sababu mwenye karatasi ya mdaiwa dhaifu anaiuza kwa hasara. Kwa kuwa ninyi hamkulichagua deni hili kubebwa kwa thamani ya haki, hakuna faida itakayoandikwa kutokana na udhaifu wenu, na nashukuru kwa hilo.

---

Mhasibu_Arua aliandika:

Mzee, nimempigia katibu wa kampuni ya ufuta leo mchana. Wenye hisa wengine hawakuulizwa kabisa, waliyasikia mauzo baada ya wiki mbili. Nimemwomba aandike barua. Nimepitia na mauzo yetu ya hati fungani pia: ni lile moja tu la Februari tangu tuanze kununua, na lilikuwa dogo. Nitawapendekezea bodi tubaki na gharama iliyorekebishwa, na thamani ya soko tuionyeshe kwenye maelezo. Mwenyekiti amekubali nilipomwambia kwamba mwanachama anayefikiria kujitoa ana haki ya kujua hati ingeleta ngapi leo.

Limebaki la akiba. Mjumbe wetu bado ameshikilia kwamba akiba zisizoguswa kwa miaka mitano ziandikwe pungufu.

---

Mkaguzi_Mstaafu (Jinja) alijibu:

Hilo limejibiwa na kiwango bila kuacha mlango. Deni ambalo mwenye haki anaweza kulidai wakati wowote, thamani yake ya haki haiwezi kuwa chini ya kiasi kinacholipwa akidai, kikihesabiwa kuanzia siku ya kwanza anayoweza kudai. Mama mwenye shilingi 900,000 anaweza kuja kesho asubuhi, kwa hiyo ni shilingi 900,000, hata kama hajafika dirishani kwa miaka mitano. Mjumbe asome aya ya 47 ya IFRS 13.

Akiba za muda maalumu, zile ambazo mwanachama amejifunga kutozitoa kabla ya tarehe fulani, ni jambo lingine. Hizo mnaweza kuzirudisha kwenye thamani ya leo kwa riba mnayowalipa wanaoweka sasa kwa muda kama huo uliobaki. Kama mnazo, zitenganishe kwenye daftari kabla mkaguzi hajarudi, pamoja na tarehe ya kuiva ya kila moja.